Stika ya karatasi, ya QR, ya WhatsApp au ya taxibus: ipi ikubebee hadithi?

Ukitaka kusimulia hadithi kwa stika, hadithi ambayo msomaji anaishika na kuigeuza mwenyewe, hapa Lubumbashi, Kongo, kuna njia nne ambazo mbunifu wa michoro asiye na mtaji mkubwa anaweza kuzijaribu. Ya kwanza ni karatasi ya stika inayokwenda na mandhari iliyochapwa, msomaji akabandua na kubandika anapotaka. Ya pili ni stika yenye msimbo wa QR unaofungua hadithi ya kuchagua njia kwenye simu. Ya tatu ni pakiti ya stika za WhatsApp. Ya nne ni stika za vinili (plastiki ngumu kuliko karatasi) za mtaani, kwenye taxibus, yaani mabasi madogo ya abiria, madukani na kwenye milango ya saluni, kila moja ikiwa kipande cha kisa kimoja.

Wateja wengi huanza kwa kuuliza ipi ni ya bei nafuu na ipi ni ya kisasa. Ni maswali halali na nitayajibu. Lakini mimi huanza na jingine: mwisho wa hadithi utashikwa na nani? Kuna njia ambazo mwandishi ameshaandika miisho yote na msomaji anachagua mmoja. Kuna ambazo msomaji anaweza kuleta mwisho ambao mwandishi hakuuota. Na kuna ambazo hazina mwisho kabisa. Ukishajua unataka ipi kati ya hizo, mambo ya bei, wino na mega za mtandao hayatakusumbua sana.

Mji wetu umezoea picha inayozungumzishwa. Mwaka 1973 na 1974, Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa hapa hapa, alichora historia ya nchi kwa picha zaidi ya 100, akawa anaieleza kila picha kwa Kiswahili. Miaka hiyo, katika nyumba nyingi za komini (kata) za mji wetu, picha ya mamba muntu, yule nguva nusu mwanamke nusu samaki, au ya Colonie belge, inayoonyesha mateso ya enzi ya Wabelgiji, ilitundikwa sebuleni, na mgeni akikaa chini yake mazungumzo yalianza yenyewe: huyu alimjua mtu aliyetajirika ghafla, yule babu yake alichapwa fimbo na askari wa Mbelgiji. Mchoraji alitoa picha moja, waliokaa chini yake wakaongeza ya kwao. Ndiyo maana sikubali mtu anapoleta usimulizi shirikishi kama kitu kilichoshuka na simu. Simu imeongeza vifaa tu.

Ili nilinganishe kwa haki, nachukua kisa kimoja na kukipitisha njia zote nne. Ilunga, kijana anayeokota chupa kando ya mto Kafubu, anakuta kitana. Usiku mamba muntu anamjia ndotoni: nirudishie kitana changu. Asubuhi anakuta pesa chini ya godoro. Katika masimulizi ya huku, anayeshika kitu cha mamba muntu hupata mali, ila mali hiyo ina masharti yake. Ilunga afanye nini? Akirudishe, akifiche, akiuze, au kwanza amwambie mtu? Na amwambie nani?

Karatasi ya stika na mandhari

Hii nitaieleza kwa urefu, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko zote na ndiyo ninayoiamini zaidi.

Unachapa mandhari moja kubwa, A3 ikiwezekana: mto, nyumba, soko, barabara ya vumbi jekundu, na kwa mbali bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba ambao kila mtoto wa Lubumbashi anaujua. Mandhari hayana mtu hata mmoja. Watu wote wako kwenye karatasi ya stika: Ilunga katika mikao mitatu, mamba muntu katika miwili, mama yake, jirani, mnunuzi mwenye koti, baiskeli ya makala (mkaa), samaki, pesa, na kitana. Karatasi ya A4 inabeba stika 15 za sentimita 5 bila kubanana. Acha mbili au tatu tupu, nyeupe kabisa, msomaji achore mwenyewe kinachokosekana.

Tazama kinachotokea mezani. Kikundi cha watoto kinapewa mandhari na stika, kisa kinasimuliwa hadi asubuhi ile ya pesa, kisha unanyamaza. Niliwahi kumwona msichana mmoja akikichukua kitana, akakipitisha juu ya mto, akakipitisha juu ya soko, halafu akakibandika ndani ya kikapu cha mama, na juu yake akabandika samaki ili kisionekane. "Mama ndiye atajua la kufanya." Mwenzake akamjibu papo hapo: mama akikikuta atakiuza. Wa tatu akatwaa stika tupu, akachora mlango, akaubandika mtoni. Kila mmoja alikuwa na sababu na aliitetea kwa sauti. Kitana kufichwa chini ya samaki si tawi nililokuwa nimeliandika popote. Lilitoka kwenye kidole cha mtoto, kwa kuwa karatasi ilimpa nafasi.

Hilo ndilo ambalo njia nyingine tatu haziwezi kulitoa kwa ukamilifu. Stika inayobanduka inamruhusu msomaji kukosa utii.

Uhuru huo unakutaka uchore kwa namna nyingine. Usimwekee mhusika kivuli ardhini, maana hujui atasimamishwa wapi; kivuli cha jua la kushoto kitaonekana cha uongo akiwekwa ndani ya nyumba. Ilunga mmoja atazame kulia na mwingine kushoto, ili aweze kuzungumza na yeyote. Vipimo vilingane: mtu wa sentimita 5 karibu na baiskeli ya sentimita 2 huharibu mchezo. Na jambo dogo lenye faida kubwa: mikono iwe wazi. Mhusika aliyekunja ngumi hawezi kupewa kitu, lakini mwenye kiganja wazi anaweza kupewa kitana, pesa au samaki, na kwa kitendo hicho kimoja hadithi imebadilika. Chora kiganja kwanza, ndipo uchore uso.

Upande wa uchapaji, karatasi ya stika ya kawaida inapatikana kwa wachapaji wa mjini na inapita kwenye printa nyingi. Printa ya leza ni afadhali: wino wa maji wa printa za kawaida hutawanyika kidole chenye jasho kinapogusa, na watoto wana vidole vyenye jasho. Acha ukingo mweupe wa milimita 2 au 3 kuzunguka kila umbo, ili mkasi au mashine ikiteleza kidogo isile pua ya mtu. Pembe ziwe za mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo huanza kunyanyuka. Ukipata mchapaji mwenye mashine ya kukata, mwambie waziwazi kwamba mkato upite kwenye stika na kuacha karatasi ya chini nzima. Asipokuwa nayo, mkasi unatosha, ila rahisisha maumbo: mamba muntu mwenye nywele zilizotawanyika kila upande atakuchosha.

Mandhari yafunikwe kwa plastiki (lamineti). Juu ya plastiki laini, stika ya karatasi inaweza kubanduliwa na kuhamishwa siku hiyo hiyo, na gundi inayobaki hufutika kwa tone la mafuta ya kupikia. Ukiibandika kwenye karatasi tupu, uamuzi wa kwanza ndio wa mwisho na mandhari yanatumika mara moja. Kama kuna gundi ya kubanduka, iombe. Si anasa ya leo: stika za kujibandika ambazo R. Stanton Avery alizitengeneza Los Angeles mwaka 1935 zilikuwa lebo za bei, zilizokusudiwa kutoka bila kuacha alama.

Rangi nayo itakudanganya. Kijani cha malakiti na lile chungwa la shaba iliyoyeyuka, rangi ambazo kila mbunifu wa Katanga anazipenda, hung'aa kwenye skrini na kufifia kwenye karatasi, kwa sababu skrini hutumia mwanga na printa hutumia wino. Chapisha ukurasa mmoja wa majaribio kabla ya kuagiza mamia. Mchapaji anayekataa ukurasa wa majaribio, tafuta mwingine.

Jambo moja la kuazima kwa kampuni ya Panini ya Modena, Italia, iliyoanza albamu zake za wachezaji mwaka 1961: usiwape wote karatasi zinazofanana. Albamu zile ziliwafanya watoto wazungumze kwa sababu kila mmoja alikuwa na alichokosa. Tengeneza karatasi A yenye vitana viwili na karatasi B isiyo na kitana lakini yenye mnunuzi. Wataanza kubadilishana wenyewe, na katika kubadilishana watasimuliana.

Udhaifu wake haufichiki. Kila msomaji anagharimu karatasi, wino na plastiki. Hadithi haitoki nje ya chumba. Na inahitaji mtu mzima mwenye subira wa kuanzisha na kunyamaza kwa wakati. Kwa shule yenye watoto 60 darasani, gawa mandhari moja kwa watoto watano au sita. Zaidi ya hapo, wenye mikono mirefu ndio watakaosimulia.

Stika ya QR na hadithi ya kuchagua njia

Hapa stika ni mlango. Msomaji anaelekeza kamera, simu inafungua ukurasa, na kisa kinaendelea kwa kubonyeza: "Kirudishe mtoni" au "Kifiche".

Programu ya kuandikia ninayoipendekeza ni Twine, iliyoanzishwa na Chris Klimas mwaka 2009. Ni ya bure, haihitaji ujuzi wa kuandika programu za kompyuta ili kuanza, na hadithi nzima hutoka kama faili moja ya HTML. Kwa mji ambao mtandao una siku zake na umeme una saa zake, jambo hilo la mwisho ni kubwa: faili ile unaweza kuituma kwa WhatsApp kama waraka, mtu akaihifadhi na kuisoma bila mtandao. Ijaribu kwanza kwenye simu za Tecno na Itel ambazo wasomaji wako wanazo kweli. Usiridhike na simu yako.

Wengi hawapigi hesabu kabla ya kuanza. Ukiweka chaguo 5 mfululizo, kila moja likiwa na njia mbili zisizokutana tena, una miisho 32, na ukurasa wa kuchora ni 63. Hakuna mtu mmoja atakayechora picha 63 kwa moyo ule ule. Dawa yake ni kurudisha matawi kwenye shina: Ilunga akificha kitana au akikiuza, usiku wa pili ndoto inamjia vilevile, ila maneno ya mamba muntu yanabadilika kwa kukumbuka alichofanya. Picha ni ile ile, sentensi ni nyingine. Kwa namna hiyo picha 12 zinaweza kubeba hadithi nzima.

Msimbo wa QR wenyewe ni wa Kijapani: ulibuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Denso Wave, na timu ya Masahiro Hara, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Una viwango vinne vya kuvumilia uharibifu: takriban asilimia 7, 15, 25 na 30. Kwa stika ya mtaani chagua cha juu kabisa, kwa sababu itachubuka. Lakini kadiri kiwango kinavyopanda, na kadiri anwani inavyokuwa ndefu, ndivyo vidoti vinavyoongezeka na kuwa vidogo, kwa hiyo fupisha anwani. Uwe mweusi au wa rangi nzito juu ya rangi hafifu, usigeuze. Uachie nafasi tupu ya upana wa vidoti vinne kila upande. Wabunifu wanaopenda kuusogezea mapambo hadi ukingoni ndio huleta malalamiko kwamba "simu haisomi". Sentimita 2 zinatosha kwa stika ya mkononi. Kwa ile ya ukutani, gawanya umbali wa msomaji kwa 10: akisimama mita 1, msimbo uwe sentimita 10.

Ogopa huduma zinazokutengenezea msimbo na kuupitisha kwenye anwani yao kwa malipo ya mwezi. Malipo yakikatika, stika zako zote zilizobandikwa zinakufa siku moja. Tengeneza msimbo unaobeba anwani yako moja kwa moja.

Je, hadithi hii inashirikisha? Ndiyo, ila ndani ya uzio wako: msomaji anachagua uliyoyaandika. Namna bora niijuayo ya kuupanua uzio ni kuufanya mji wenyewe uwe chaguo. Stika iliyoko maktaba inafungua kisa mahali Ilunga anapomuuliza mzee mwenye vitabu. Ya sokoni inafungua alipokutana na mnunuzi. Ya karibu na mto inafungua ndoto. Msomaji anayetembea anapata hadithi tofauti na anayekaa. Hapo stika inaacha kuwa tangazo la tovuti na kuwa sehemu ya kisa. Kama hutafanya hivyo, kwa nini uchape stika? Tuma kiungo tu.

Na stika yenyewe iseme kitu kabla ya kuchanganuliwa. Msimbo mtupu hauna mvuto kwa mtu aliyebakiwa na mega chache. Mkono ulioshika kitana, na maneno "Mwenyewe anakitafuta", vinatosha kumfanya mtu atoe simu mfukoni.

Pakiti ya WhatsApp

Ni njia inayofika mbali kuliko zote kwa gharama ndogo kuliko zote. WhatsApp ilileta stika mwaka 2018, na leo mama aliyeko Ruashi anamtumia mwanawe aliyeko Kolwezi stika hata kabla ya salamu. Hauchapi kitu. Hakuna kubandua wala gundi.

Vipimo ni vikali: pikseli 512 kwa 512, muundo wa WebP wenye mandharinyuma tupu yasiyo na rangi, kilobaiti 100 zisizidi kwa stika iliyotulia na 500 kwa inayosogea. Pakiti moja inabeba kuanzia stika 3 hadi 30. Zungushia kila umbo mstari mweupe wa pikseli 8 hivi, la sivyo mamba muntu mwenye nywele nyeusi atapotea kwa wanaotumia skrini nyeusi. Maneno yasizidi matatu, kwa herufi nene. Na yawe ya hapa: "Eko wapi?", "Haina neno", "Nirudishie". Stika inayosema Kiswahili cha kitabu haitatumwa komini ya Katuba.

Lakini je, pakiti ni hadithi? Ukichora nyuso tu, Ilunga anacheka, Ilunga analia, umetengeneza mapambo ya mazungumzo. Watu watayapenda, ila hakuna atakayejua kisa cha kitana. Kinachogeuza pakiti kuwa hadithi ni stika za kuunganisha: "Kisha", "Lakini", "Usiku huo", "Kumbe!" Hizi ndizo wabunifu wanaziacha, nazo ndizo uti wa mgongo. Ukiwa nazo, kikundi cha familia kinaweza kucheza: mmoja anatuma Ilunga na kitana, mwingine "Usiku huo", wa tatu mamba muntu, wa nne "Lakini", na mjomba aliyeko Kalemie anaharibu kila kitu kwa kutuma mnunuzi mwenye koti. Kisa kinaandikwa na watu wengi, hakuna anayejua kinaishia wapi, na kesho kinaanza upya.

Hapo unatoa mamlaka yote, na unapaswa kuyatoa kwa moyo mmoja. Stika yako itatumika kwenye ugomvi wa wapenzi, kwenye siasa, kwenye msiba. Itanakiliwa bila pakiti yake na jina lako halitaonekana. Ukitaka alama yako ibaki, ichore ndani ya umbo, ndogo, mahali ambapo kuikata ni kuharibu picha. Kwa ujumbe nyeti, kama afya ya uzazi au unyanyasaji wa watoto, mimi sishauri njia hii: uso wa mtoto anayelia uliochorwa kwa nia njema unaweza kuishia kuwa kichekesho.

Upigaji kura wa Instagram na Status za WhatsApp nauweka hapa kwa sentensi mbili tu. Ni mzuri wa kuuliza "akirudishe au asikirudishe?" kisha kuchora kipande cha kesho kwa jibu la walio wengi, ila baada ya saa 24 kila kitu hutoweka. Utumie kuonja kisa kabla ya kukichapa.

Vinili za mtaani

Taxibus za mji huu tayari zinazungumza. Vioo vyake vya nyuma vimejaa methali, sala na majina. Kuongeza kipande cha hadithi pale ni wazo linalowavutia wengi, na uzuri wake ni kwamba msomaji hakukitafuta, kimemfuata.

Tatizo ni mpangilio. Gari linalotoka komini ya Kenya kwenda mjini halitafuatana na lile la Ruashi kwa faida ya kisa chako. Mtu atakutana na kipande cha nne kabla ya cha kwanza, na vingine hataviona kamwe. Basi kila stika isimame peke yake na kuuliza swali lake: "Kitana si chako. Pesa ni zako?" Anayeona mbili ataanza kuziunganisha kichwani. Ushirikishwaji wake ni mwembamba, lakini ni wa watu wengi, wakiwemo wasio na simu ya maana.

Ni ghali kwa kipande kimoja, na ubora wa vinili una ngazi. Ile nyembamba ya kumiminwa hukaa miaka mingi na kufuata mikunjo ya bati. Ile ya bei ya chini husinyaa pembezoni na hufaa kwa kioo bapa na kampeni ya muda mfupi. Jua litakula manjano na nyekundu kwanza, kwa hiyo mchoro wa mtaani utegemee mistari mizito myeusi. Safisha mahali kwa spiriti kabla ya kubandika, maana kati ya Mei na Septemba vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, na gundi iliyoshika vumbi haijashika gari. Asubuhi za Juni na Julai ni za baridi; ngoja jua lipashe bati. Omba ruhusa ya mwenye gari, si ya dereva peke yake. Alama za barabarani na kuta za watu ziache.

Nikiwa mahali pako

Mwalimu, mkutubi, au mwenye kikundi cha watoto: karatasi na mandhari, bila kusitasita. Anayefanya kazi na watu wasiosoma, vilevile. Mikono inasimulia bila herufi. Mama mmoja mwenye kituo cha watoto aliniambia, "Mwanangu, nipe hiyo ya simu, ndiyo wafadhili wanaipenda." Nilimwelewa. Lakini watoto wake hawana simu, na nilimjibu, "Mama, tupige picha mandhari yao yakishabandikwa, picha hizo ndizo tuwaonyeshe wafadhili." Mandhari 20 yaliyobandikwa kwa namna 20 yanaeleza ushiriki kuliko idadi ya waliobonyeza kiungo. Piga picha karatasi, nyuso za watoto ziache.

Mwanafunzi wa sanaa anayetaka kazi ya kuonyesha: QR na Twine, kwa sharti la stika zinazofungua mahali tofauti. Inakufundisha muundo wa kisa kuliko njia nyingine yoyote, na gharama yake kubwa ni muda wako. Mwanamuziki, duka, au chama kinachotaka wahusika wake wajulikane haraka: WhatsApp. Vinili ningeiacha kwa mwenye bajeti na kisa ambacho tayari kinajulikana. Kuanzisha wahusika wapya kwenye kioo cha gari linalopita ni kazi ngumu sana.

Mwenye pesa kidogo na hamu kubwa, unganisha mbili, karatasi na WhatsApp, kwa sababu michoro ni ile ile. Watoto wanabandika mchana, jioni wazazi wao wanatumiana wahusika wale wale. Hapa utaratibu wa kuchora unaamua. Stika ya sentimita 5 iliyochapwa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 590 hivi, kwa hiyo mchoro uliofanywa kwa 512 ya WhatsApp hautoshi karatasini, na ukiukuza utakuwa na ukungu. Chora kwa vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kupoteza ubora, kwa Inkscape ambayo ni ya bure, au anza na pikseli 2,000 kisha punguza. Kila mhusika awe kwenye safu yake. Na kitana kiwe peke yake, kisishikane na mkono wa yeyote: kwenye karatasi msomaji atakihitaji kikiwa huru, na kwenye WhatsApp utakiweka mkononi mwa Ilunga, mwa mama au mwa mamba muntu bila kuchora upya.